Wasomaji Wauliza: Karavani Kuukuu Iwe Nyumba

Barua nyingi zilizotufikia kuhusu makazi madogo zinazungumzia jambo moja: msomaji amepata karavani ya zamani, ile ya kukokotwa na gari, iliyokaa muda mrefu bila kutumika, naye anakusudia kuitengeneza ndani ili aishi humo moja kwa moja, si kulala siku mbili tatu za likizo. Tofauti hiyo ndiyo inayozaa karibu kila tatizo lililoulizwa hapa, kwa sababu karavani nyingi hazikuundwa ili watu wapike, waoge na kupumua ndani yake kila siku ya mwaka. Maswali tumeyafupisha pale ilipobidi.

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi na mume wangu tumenunua karavani iliyotengenezwa katika miaka ya 1980. Kwa nje inang'aa na haina kutu. Tulipanga kuanza na rangi nyeupe ukutani, sakafu mpya na makabati ya jikoni, kisha mengine tuyafanye taratibu tukiwa tumeshahamia. Ila ndani kuna harufu kama ya nguo zilizofungwa kabla hazijakauka, na chini ya dirisha la mbele ukuta umetuna kidogo. Je, tuendelee?

JIBU: Hapana, dada, msiendelee. Harufu hiyo na uvimbe huo ni maji, na kwa kawaida maji yanapofika hatua ya kunuka huwa yameshakaa ukutani muda usio mfupi.

Inafaa muelewe kwanza ukuta wenu umejengwaje. Karavani nyingi za kipindi hicho zina fremu ya mbao laini yenye unene wa sentimita mbili tatu tu. Kwa nje fremu hiyo imefunikwa kwa bati jembamba la alumini, nafasi zilizo kati ya mbao zimejazwa povu gumu la kuzuia joto na baridi, na kwa ndani imepigiliwa plaiwudi ya milimita 3 iliyobandikwa karatasi ya maua au mistari. Alumini haishiki kutu kama chuma, ndiyo maana karavani inaweza kung'aa kwa nje ilhali mbao zake zimelainika kiasi cha kuchotwa kwa kijiko. Maji hayapenyi kwenye bati lenyewe. Hupenya kwenye maungio, yaani pale bati la paa linapokutana na la ukuta chini ya reli (ukanda mwembamba unaofunika ungio), kwenye raba za madirisha, kwenye dirisha la paa, nyuma ya taa, na kwenye kila tundu la skrubu ambalo mastiki yake, yaani gundi laini ya kuzibia maji, imekauka na kupasuka.

Bonyezeni ukuta kwa kidole gumba, kuanzia kona ya juu ya mbele mkishuka hadi sakafuni, kisha chini ya kila dirisha, kisha ndani ya makabati ya juu ambako hakuna anayetazama. Plaiwudi nzima husukuma kidole kirudi. Iliyooza hubonyea na kubaki hivyo hivyo. Halafu azimeni au nunueni kipima unyevu chenye sindano mbili. Kwa kawaida ya mafundi wa karavani, kipimo kisichozidi asilimia 15 hakina neno. Kati ya 15 na 20 ni cha kufuatiliwa. Kikipita 20 pana njia ya maji mahali fulani. Na kikipita 30 tarajieni mbao zilizooza. Andikeni kila kipimo kwa penseli pale pale ukutani, kwa sababu namba zikishajaa mtaona zile kubwa zinafuatana kushuka, na mahali zinapoanzia juu ndipo pa kuziba, hata kama uvimbe uko mita moja chini yake.

Hapo ndipo mbomoe, tena kwa utaratibu. Katika karavani nyingi za zamani makabati na vigawanyo vya vyumba ndivyo vinavyosaidia kubeba paa na kuzuia kuta zisiyumbe, kwa hiyo mkiving'oa vyote kwa mkupuo paa linaweza kubonyea katikati na mlango ukakataa kufunga. Toeni upande mmoja, simamisheni miimo ya muda kutoka sakafuni hadi darini, pimeni upana wa ndani katika sehemu tatu na kuuandika, kisha mgeukie upande wa pili. Na kabla ya kukata au kupiga msasa chochote kilicho nyuma ya jiko au hita, hakikisheni kwamba si asbesto, madini ya nyuzi ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, kwa maana katika miongo iliyopita bamba la kuzuia moto mara nyingine lilitengenezwa kwa kitu hicho. Kipande cha kupimwa maabara kichukuliwe na mtu mwenye ujuzi wa kazi hiyo, na hadi majibu yarudi, bamba hilo lisitobolewe wala kuvunjwa.

Plaiwudi ya ndani ikishafunguka, tazameni pini zilizoshikilia fremu. Zilizobaki na rangi ya chuma ziko kwenye mbao kavu. Zilizogeuka kahawia na kuacha doa jeusi kuzunguka tundu ndizo za kufuatwa. Chokoeni mbao kwa ncha ya bisibisi, na ikizama bila kulazimishwa, kateni hadi mfikie mbao ngumu, mwongeze kama sentimita kumi zaidi, halafu muunge mbao mpya ya kipimo kile kile kwa gundi isiyolainishwa na maji na skrubu za chuma kisichoshika kutu. Kubadilisha mbao huku njia ya maji imeachwa wazi ni kazi ya kurudiwa. Reli za nje zifunguliwe, mastiki ya zamani ikwanguliwe yote kwa kikwanguo cha plastiki, na mkanda mpya wa butili, raba laini inayonata, uwekwe kabla reli hazijarudishwa. Silikoni ya bafuni msiitumie hapo: ile yenye harufu ya siki hula alumini, na ikishapakwa hakuna kitu kingine, hata silikoni mpya, kitakachoshika vizuri juu ya mabaki yake.

Kabla ya kufunga ukuta, mmoja wenu akae ndani na tochi, mwingine anyunyize maji kwa mpira kutoka nje, akianzia chini na kupanda kidogo kidogo, dakika kadhaa kila hatua. Anayeanzia juu hatajua ni ungio lipi lililovuja, kwa kuwa maji yakiteremka huyapita yote. Baada ya hapo acheni ukuta wazi hadi kipimo kishuke chini ya 15. Hili linaweza kuchukua wiki kadhaa, na ndilo linalowakatisha tamaa wengi. Mimi naona ndiyo kazi yenyewe, kwani rangi nyeupe mnayoitamani ni ya siku mbili.

Mkiwa bado hapo, tembeeni bila viatu karibu na mlango na mbele ya sinki. Sakafu za karavani nyingi zimetengenezwa kwa plaiwudi mbili zilizogandishwa juu na chini ya povu, na gundi hiyo ikiachia, sakafu hudunda au kulialia chini ya mguu. Ikiwa plaiwudi yenyewe bado ni kavu na ngumu, huhitaji kung'oa chochote: hutobolewa matundu madogo kwa mpangilio, ikamiminwa gundi ya epoksi ya maji maji, matundu yakazibwa kwa vijiti vya mbao, na sakafu ikakandamizwa kwa vitu vizito hadi gundi ikauke. Ikiwa imeoza, hakuna gundi itakayoiokoa.

SWALI: Mimi ni seremala wa nyumba kwa kazi. Karavani yangu ni kavu na haivuji. Nimekusudia kuijenga ndani kwa mbao ngumu, kaunta ya granaiti, vigae bafuni na droo kila mahali, kisha niwe naihamisha mara moja moja. Rafiki yangu anasema itakuwa nzito kupita kiasi. Je, ni kweli, au ananitia hofu tu?

JIBU: Ni kweli, kaka, na ujuzi wako ndio utakaokuponza, maana mkono uliozoea nyumba hujenga kwa unene usiohitajika humu. Karibu na mlango au kwenye fremu ya mbele utakuta kibao cha mtengenezaji chenye uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa. Ukiondoa uzito wa karavani ikiwa tupu, kinachobaki ndicho ulichoruhusiwa kuongeza, na katika karavani nyingi za ukubwa wa kati hakifiki kilo 300. Humo ndimo yamo maji, betri, mitungi ya gesi, nguo, vyombo na godoro, kabla hujaleta hata ubao mmoja.

Chukua kaunta yako peke yake. Granaiti ya unene wa milimita 20 ina uzito wa kilo 54 hivi kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo kaunta ya mita moja na nusu kwa nusu mita ni kilo 40. Ukitumia plaiwudi ya mti wa popla ya milimita 15, kaunta hiyo hiyo itakuwa kama kilo 5, ukiongeza kidogo kwa ajili ya bamba gumu la plastiki la kuifunika. Plaiwudi ya mti wa bechi ya milimita 18, ambayo mafundi wengi huipenda, ina kilo 12 kwa mita ya mraba, karibu mara mbili ya ile ya popla. Vigae pamoja na gundi yake vinakaribia kilo 20 kwa mita ya mraba, tena hupasuka karavani inapotikisika njiani, ilhali zulia zito la plastiki la milimita 2 halizidi kilo 3 au 4. Jumlisha mwenyewe.

Makabati yajenge kwa fremu za papi nyembamba zilizogandishwa na kufungwa skrubu, ukifunika kwa plaiwudi ya milimita 4 hadi 6. Hayahitaji mgongo kwa sababu ukuta upo. Droo ni nzito kuliko rafu yenye kizuizi cha mbele, basi weka droo mbili au tatu pale unapozihitaji hasa, kama vile ya visu na vijiko, na kwingine weka milango yenye vitasa vya kubonyeza ambavyo havifunguki gari likipita kwenye mashimo.

Uzito ukishapungua, bado kuna swali la mahali unapowekwa. Vitu vizito vikae chini, karibu na ekseli, na vigawanywe kulia na kushoto. Sehemu ya mbele inayokalia ndoano ya gari inatakiwa kubeba sehemu fulani ya uzito wote: Ulaya wanashauri asilimia 5 hadi 7, Marekani asilimia 10 hadi 15, na wewe ufuate kilichoandikwa na watengenezaji wa karavani yako na gari lako. Ukirundika jiko, betri na kabati la vitabu nyuma, karavani itaanza kuyumba kwa kasi ambayo zamani haikuisumbua. Siku utakapomaliza, ipitishe kwenye mizani ya magari kabla ya safari ya kwanza. Tazama pia ubavuni mwa tairi: namba nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi la namna hiyo, hata kama kashata zake hazijaisha kwa kuwa karavani ilikuwa imesimama tu, halifai kubebeshwa nyumba.

Hamu yako ya mbao ngumu nayo si ngeni. Mwaka 1885 daktari na mwandishi wa Uskoti, William Gordon Stables, alitengenezewa gari la kusafiria na kuishi, likitumia mbao za mahogani, na uzito wake ulikaribia tani mbili. Alihitaji farasi wawili kulikokota.

SWALI: Tutaishi watu wawili na mtoto wa miaka sita. Tuweke kitanda cha kudumu, au meza inayogeuka kitanda kama ilivyokuwa awali?

JIBU: Kwa likizo, meza inayogeuka kitanda inatosha. Kwa kuishi, ninyi wawili mtaichoka kabla mwezi haujaisha, kwa sababu kila usiku mtakuwa mnahamisha vyombo, mnatandika, na kila asubuhi mnakunja, na siku mmoja wenu akiugua akabaki kitandani, hakuna meza ya kulia chakula. Wekeni kitanda cha kudumu cha watu wazima upande mmoja, chenye chaga zinazopitisha hewa na nafasi ya kuhifadhi vitu chini yake, na meza ya kugeuza ibaki kwa ajili ya mgeni. Mtoto anaweza kulala kwenye kitanda cha juu, mradi kiwe kimefungwa kwenye mbao za fremu, kiwe na kizuizi pembeni, na dirisha la kutokea likiwa karibu.

Kabla ya kukata ubao wowote, chorani kila kitu sakafuni kwa tepu, kisha mpandishe maboksi hadi urefu halisi wa kaunta na mkae humo jioni moja mkijifanya mnapika. Njia ya kupita iwe na sentimita 55 au zaidi. Kaunta iwe na kimo cha sentimita 85 hadi 90. Benchi sentimita 42 hadi 45 pamoja na mto wake. Ukubwa wa mlango nao upimwe mapema, kwani wako watu waliojenga kitanda kizuri uani, wakashindwa kukiingiza.

SWALI: Rangi niliyopaka ukutani inabanduka kama ngozi, na rafu niliyofunga kwa skrubu imeanguka na vyombo vyote. Nimekosea wapi?

JIBU: Ukuta wa ndani wa karavani yako haukuwa mbao tupu, una karatasi laini ya plastiki yenye mafuta ya jikoni ya miaka mingi. Ioshe kwa sabuni ya kuondoa mafuta, iache ikauke, ipige msasa mwepesi wa namba 180 au 240 hadi mng'ao utoke, paka praima ya kushika nyuso laini, ndipo rangi ifuate. Rafu nayo uliifunga kwenye plaiwudi ya milimita 3, ambayo haiwezi kushika skrubu yenye mzigo. Pitisha sumaku ukutani taratibu; pale inaponata kwa mstari ndipo zilipo pini, na nyuma ya pini ipo mbao. Funga ubao mwembamba unaovuka mbao mbili za fremu, kisha rafu iufuate. Pima urefu wa skrubu kabla, usije ukatoboa bati la nje na kujifungulia mlango mpya wa maji.

SWALI: Makabati yangu mapya ni ya chipbodi niliyopata kwa bei nafuu. Nikifunga milango usiku, macho yanawasha na koo linakauka. Je, harufu hii ni ya kawaida?

JIBU: Ni ya kawaida kwa maana ya kwamba hutokea, si kwa maana ya kwamba uivumilie. Gundi nyingi za chipbodi na plaiwudi hutoa hewa ya fomaldehaidi, nayo huzidi penye joto na unyevunyevu. Katika nyumba kubwa hutawanyika. Katika chumba cha mita chache za ujazo hujikusanya. Baada ya Kimbunga Katrina cha mwaka 2005 nchini Marekani, familia nyingi zilihifadhiwa katika matrela ya dharura, watu wakaanza kulalamikia macho, pua na vifua, na vipimo vya taasisi ya afya ya nchi hiyo, CDC, vilivyotangazwa mwaka 2008 vilionyesha kwamba kiwango cha fomaldehaidi ndani ya mengi kati ya matrela hayo kilizidi kile cha nyumba za kawaida. Unaponunua mbao za aina hii, dai zenye alama ya E1, yaani zinazotoa fomaldehaidi kidogo, au bora zaidi. Kwa hizo ulizokwisha kufunga, paka vanishi kwenye kingo zote zilizokatwa, maana hapo ndipo hewa nyingi inapotokea, na ufungue madirisha. Kama macho yataendelea kuwasha, ziondoe.

SWALI: Shikamoo nyote wa jarida. Mimi ni mstaafu, naishi peke yangu katika karavani niliyoikarabati. Kila asubuhi madirisha yanatiririka maji, na chini ya godoro kumeota ukungu. Nilidhani ni baridi inaingia, nikaziba matundu yote ya sakafuni na ya darini, na usiku nawasha jiko la gesi kidogo ili kupata joto. Hali imezidi kuwa mbaya.

JIBU: Marahaba, au tuseme shikamoo wewe, mzee wetu, kwa kuwa huenda umri wako unatuzidi. Tunakuomba leo hii, kabla hujamaliza kusoma safu hii, uyafungue matundu hayo na usiwashe tena jiko kwa ajili ya joto.

Kwanza, maji. Mtu aliyelala hutoa takriban gramu 40 za mvuke kila saa kwa pumzi na jasho, hivyo usiku mmoja wa saa nane ni karibu theluthi moja ya lita. Jiko lako linaongeza mengi zaidi, kwa sababu kila kilo moja ya gesi ya propani inayoungua huzaa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, ambayo hubaki hewani hadi yaguse kitu cha baridi: kioo, bati, au ubao ulio chini ya godoro lako. Kwa hiyo jiko linakupa joto la saa moja na kukuachia unyevu wa siku nzima.

Pili, na hili ndilo lililotutia wasiwasi, gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama sakafuni, na matundu ya sakafuni yamewekwa ili itoke. Nayo monoksidi ya kaboni, inayotokea moto unapokosa hewa ya kutosha, haina rangi wala harufu, na aliyelala haamki. Weka king'ora cha monoksidi ya kaboni katika sehemu unayolala, king'ora cha gesi karibu na sakafu, na cha moshi darini mbali kidogo na jiko. Mtungi ukae katika kisanduku kisichofunguka upande wa ndani, chenye tundu la chini linalotoa hewa nje. Mpira wa gesi una mwaka ulioandikwa juu yake; kama umechakaa au umepita muda wake, ubadilishwe. Ukihitaji joto, tafuta hita inayovuta hewa ya kuunguza kutoka nje na kutoa moshi nje, nayo ifungwe na fundi wa gesi mwenye kibali.

Unyevu utapungua ukifunika sufuria unapopika, ukianika nguo nje, na ukiwa na feni ndogo ya paa inayotoa hewa huku tundu la chini likiingiza nyingine. Godoro liweke juu ya chaga, lisiguse ukuta wa nje. Kama siku moja utafungua ukuta, jaza kila nafasi kwa povu gumu lisilonyonya maji, ulikate lienee barabara, uzibe mipaka yake kwa tepu, kwa kuwa upenyo mdogo unaoachwa kati ya povu na mbao ndimo mvuke unamopita ukaenda kugeuka maji nyuma ya bati.

SWALI: Fundi ameniwekea betri ya asidi ya ampea-saa 100, paneli ya sola ya wati 100 na friji ya volti 12. Kila ikikaribia alfajiri friji inazima, na inapowaka taa zinafifia. Anasema betri ni mbovu, ninunue nyingine. Je, ni kweli?

JIBU: Huenda betri ni mbovu, lakini hata ikiwa mpya tatizo litarudi. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 (12 mara 100), yaani umeme wa kuendesha kifaa cha wati 100 kwa saa 12, na ile ya asidi haifai kuzidi nusu katika kutumiwa, la sivyo hufa mapema. Unabaki na 600. Friji ndogo ya kompresa hutumia wati-saa 400 hivi kwa siku, na siku za joto zaidi ya hapo. Feni ya wati 25 kwa saa nane ni 200. Taa nne za wati 5 kwa saa nne ni 80. Tumeshafika 680, na hatujataja simu wala kompyuta. Paneli ya wati 100 katika siku yenye jua zuri huingiza wati-saa 300 hadi 400. Kila siku unatoa zaidi ya unachoingiza, na alfajiri ndiyo saa hesabu inapogota.

Kuhusu taa kufifia, tazama waya wa friji. Kama una milimita 2.5 za mraba na friji iko mita 5 kutoka kwenye betri, umeme husafiri mita 10 kwenda na kurudi, na friji inapovuta ampea 10 wakati wa kuanza, volti 0.7 hupotea njiani. Betri iliyoshuka hadi volti 12 hufika kwenye friji ikiwa na 11.3, na friji nyingi za aina hii zimepangwa zijizime volti zikishuka kupita kiwango fulani. Waya wa milimita 6 za mraba hupunguza upotevu huo hadi volti 0.3 hivi. Taa nazo ziwe na waya wake kutoka kwenye kisanduku cha fyuzi, zisining'inie kwenye waya wa friji. Muulize fundi wako pia fyuzi kuu iko wapi. Ikiwa haipo sentimita chache tu kutoka kwenye nguzo chanya ya betri, waya ukichubuka utaungua wote kabla fyuzi haijajua.

Basi mpangilio wako uwe huu: waya kwanza, kisha paneli nyingine ya kuongezea, na betri mwishoni. Ukiamua kununua ya lithiamu aina ya fosfeti ya chuma, utaweza kutumia zaidi ya asilimia 80 ya ujazo wake na utapunguza zaidi ya nusu ya uzito, ila chaja lazima iwe inayolingana nayo, na isichajiwe joto lake likiwa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi. Umeme wa gridi unaoingia karavanini ni kazi ya fundi umeme aliyesajiliwa, na lazima uwe na swichi ya kukata umeme unaovuja, ya miliampea 30.

SWALI: Tuna nafasi ndogo sana ya choo. Tuchague cha kaseti au cha kutenganisha? Na tangi la maji lenye lita 150 tuliweke wapi?

JIBU: Choo cha kaseti, chenye tangi dogo linalochomolewa ili kumwagwa, ni rahisi kuzoeleka na ni safi, ila tangi lake huwa na lita 20 hivi, kwa hiyo watu wawili wanaoishi humo watalimwaga kila baada ya siku mbili au tatu, na ni lazima pawe na mahali panaporuhusiwa kulimwaga. Kama hapapo, chukueni cha kutenganisha mkojo na kinyesi, chenye bomba la hewa na feni ndogo ya kompyuta inayovuta harufu nje saa zote. Mkojo utamwagwa kila siku au mbili, na sehemu ya kinyesi hukaa muda mrefu zaidi kwa kuwa hubaki kavu. Mwageni kwa kufuata kanuni za mahali mlipo.

Lita 150 ni kilo 150, na kwa jibu tulilompa seremala hapo juu mnajua maana yake. Chagueni tangi la lita 60 au 70, mliweke sakafuni juu ya ekseli, chini ya benchi, likiwa limefungwa kwa mikanda ya chuma kwenye fremu ya chini na si kwenye plaiwudi ya sakafu. Acheni mfuniko mpana wa kuingiza mkono ili lisafishwe ndani, na mtumie mabomba yaliyothibitishwa kwa maji ya kunywa. Kila ungio la bomba liwe mahali panapofikiwa kwa kufungua mlango wa kabati, na chini yake wekeni kipande cha karatasi nyeupe kwa wiki chache za kwanza. Tone moja likianguka mtaliona siku hiyo hiyo, sakafu ikiwa bado kavu.